Siku tano mlimani na kigodoro cha gramu 340

Nimerudi wiki iliyopita. Begi bado liko nyuma ya mlango halijafunguliwa lote, na nyonga ya kulia bado inalalamika nikikaa vibaya. Hii simulizi nimeiunga kutoka kwa noti za simu (nyingi nimeandika saa tisa usiku, utaelewa kwa nini) na picha. Tulikuwa watatu, mimi, kaka yangu na shemeji, usiku nne, njia ya mlimani isiyo na vibanda wala vitanda, yaani unachobeba ndicho unacholalia.

Sitaeleza kila kona ya njia. Nataka niongelee hasa kigodoro, maana mandhari mtu utajionea mwenyewe lakini usingizi hakuna wa kukulalia.

Siku moja kabla

Sebuleni tumemwaga vitu vyote chini, kaka ana ule mzani mdogo wa kupimia unga, kila kitu kinapimwa, mpaka mswaki. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye ule ugonjwa wa gramu, kama umewahi kuupata unaujua, unakata mpini wa mswaki halafu unajisikia shujaa. Kigodoro changu kilikuwa fahari yangu: cha kupuliza, unene sentimita 5, upana 51, gramu 340, ukikikunja kinakuwa kama chupa ya maji ya nusu lita. Nilikinunua kwa kusoma namba moja tu kwenye lebo, ile ya uzito.

Kaka ana foamu ya kukunja kama akodioni, aina ile ya Z Lite Sol, gramu 410, unene sentimita 2 hivi. Haipulizwi, haipati pancha, unaitupa chini unalala. Ubaya wake ni ukubwa, lazima uifunge nje ya begi na kila kichaka kinaivuta.

Shemeji akatoa lake. Nasema lake kwa sababu kuliita kigodoro ni kulivunjia heshima: sentimita 8 unene, 64 upana, limejazwa nyuzi za kuzuia baridi ndani, gramu 620. Tukacheka. Kaka akasema mke wangu umebeba kitanda, bado godoro la wageni. Shemeji hakujibu, akaendelea kukunja.

Bei pia tulilinganisha, na hapa niseme ukweli, kwa bei ya lile lake unanunua foamu kama ya kaka tatu na chenji inabaki. Changu kilikuwa katikati.

Siku ya 1: kupanda msituni

Gari lilichelewa kututoa barabara kuu, tukaanza kutembea saa sita mchana badala ya saa tatu asubuhi, njia ni udongo mwekundu wenye mizizi, masaa manne, hakuna la kusimulia. Tukapiga kambi chini ya miti, kipimajoto cha kaka kinasoma digrii 11.

Kupuliza: pumzi ishirini na tatu, nilihesabu. Nikajilaza chali, safi kabisa, nikajisemea unaona, watu wanabeba mizigo bure. Tatizo mimi silali chali. Sijawahi. Nalala ubavu tangu utotoni, goti moja mbele. Nikageuka tu nyonga ikagonga ardhi, tii, kama mtu kabisha hodi. Nikaongeza upepo. Kikawa kigumu kama tairi, nyonga sasa haigusi chini ila mimi ndio nadunda, na kwa upana wa 51 mkono mmoja lazima uwe nje, goti nalo nje, nikijisogeza kidogo naserereka naishia kwenye kitambaa cha tenti. Nikapunguza upepo, tii tena. Usiku ulienda hivyo.

Kwa atakayefuata: uzito wa mwili ukilala chali unagawanyika mgongo mzima, ukilala ubavu unakusanyika begani na kwenye nyonga, kwa hiyo unene unaomtosha mtu wa chali haukutoshi wewe. Jaribio langu siku hizi ni hili, lala ubavu, weka upepo kiasi unachopenda (sio wa juu kabisa), halafu pitisha kiganja chini ya nyonga. Kikibanwa na sakafu, hicho sio chako. Mtu wa ubavu aanzie kwenye sentimita 7 kwenda juu. Nilikuwa na sakafu nyumbani mwezi mzima na sikufanya hilo jaribio hata mara moja!

Siku ya 2: juu ya miti

Asubuhi shemeji, "Umeamkaje shem?" Nikasema salama. Akanitazama macho yangu akasema haya, sawa.

Siku ndefu, masaa saba, miti inaisha unaingia kwenye majani mafupi na mawe, upepo haukatiki. Kambi tukaweka kwenye kibonde kwa sababu kilikuwa kimejificha upepo, na hilo nalo lilikuwa kosa, hewa baridi ni nzito inateremka usiku na kujikusanya mabondeni. Tungepanda mita chache tu pembeni tungekuwa na afadhali. Saa nne usiku kipimajoto digrii 2.

Slipingi begi yangu imeandikwa inafaa mpaka digrii 0, kwa hiyo nikalala bila wasiwasi. Saa saba nimeamka natetemeka, na kitu cha ajabu, juu niko joto, kifua joto, kichwa joto, baridi inatoka CHINI. Kama nimelala juu ya kibao cha barafu. Nikavaa kila kitu nilichobeba mpaka koti la mvua. Hamna kitu.

Sasa hili ndilo ningependa mtu angeniambia mapema. Slipingi begi inakupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye manyoya au nyuzi zake. Ile sehemu unayoilalia umeiminya, hewa hakuna, joto hakuna. Zile digrii kwenye lebo ya begi zinapimwa begi likiwa juu ya kigodoro kizuri chenye kuzuia baridi. Ukiliweka juu ya kigodoro kibovu, hiyo digrii 0 usiitegemee.

Na kigodoro kina namba yake, inaitwa R. Ni kipimo cha jinsi kinavyozuia joto lako lisikimbilie ardhini, ikiwa kubwa ndio bora. Kwa ujumla 1 mpaka 2 ni ya usiku wa joto, 3 mpaka 4 inakutosha misimu mingi, 5 na zaidi ni ya barafu na theluji. Cha kwangu? Nilikuja kuiona imeandikwa kwa herufi za kisisimizi chini ya lebo: 1.3. Foamu ya kaka 2. La shemeji 4.8.

Utauliza, sentimita 5 za hewa inakuwaje zinashindwa na sentimita 2 za foamu? Nami niliuliza. Hewa ikiwa huru ndani ya mfuko haitulii, kila ukigeuka inasukumwa huku na huku, kwa hiyo inakubebea joto lako inalipeleka udongoni usiku kucha. Foamu ina vishimo vidogo vilivyozibwa, hewa yake haiendi popote. Ndio maana vigodoro vya kupuliza vya maana vina nyuzi ndani, au manyoya ya bata, au karatasi zinazong'aa zilizopangwa ndani kurudisha joto (hizo karatasi ndizo zinazopiga kelele kama mfuko wa biskuti kila ukigeuka, jaribu kwanza kama unalala na mtu mwenye usingizi mwepesi).

Angalizo jingine kuhusu R: hizo namba zimekuwa za kulinganishika miaka ya karibuni tu. Kipimo cha pamoja kinaitwa ASTM F3340, na makampuni makubwa yalianza kukitumia rasmi 2020. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa njia yake, kwa hiyo ukinunua kigodoro cha zamani mkononi kwa mtu usiamini namba yake sana.

Saa tisa usiku nikachemsha maji nikajaza kwenye chupa ngumu, nikaifunga kwenye soksi nikaiweka mapajani. Hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nilimwaga begi langu lote chini ya mgongo pia, kamba, ramani, kila kitu.

Siku ya 3: mvua, mwiba na mzee

Mvua mpaka saa sita mchana, tumekaa ndani ya tenti tunatazamana. Ilipokata tukatembea masaa mawili, jua likatoka kali, tukasimama kupumzika. Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa safari nzima. Sikuwa nimelala usiku mbili, nikatoa kigodoro, nikakipuliza, nikakitandika hapo hapo njiani kwenye majani bila kuweka kitu chini, nikalala nusu saa. Usingizi mtamu wa kwanza na wa gharama kubwa!

Jioni tumefika kwenye mgongo wa mlima, kuna tenti moja ya kijani na mzee mmoja peke yake anachemsha maji, nywele nyeupe, magoti yamefungwa bandeji. Tukamsalimia, akatukaribisha upande usio na upepo. Nikapuliza kigodoro, nikaenda kuchota maji, narudi kimekuwa chapati.

Nikakipuliza tena. Dakika ishirini, chapati. Gundi na viraka vilivyokuja nacho nilikuwa nimeviacha nyumbani, gramu 15, unajua tena.

Mzee alikuwa ananiangalia. Akasema, "Mwanangu, lete hapa." Akakipuliza mpaka kikakaza, akakikunja nusu akakaa juu yake ili upepo utafute njia, halafu akawa anapitisha mdomo wake pole pole karibu na kitambaa kama mtu anayebusu. Nikadhani ananitania. Kumbe ngozi ya mdomo na ya shavu inasikia upepo mdogo kabla ya sikio. Dakika tano akapapata, upande wa chini, karibu na bega, tundu huwezi hata kuliona. Ukiwa na maji na sabuni ni rahisi zaidi, unapaka unatafuta mapovu, ila yeye hakutaka kulowesha.

Akalizungushia kalamu (ukipoteza tundu baada ya kulipata utalia), akafuta na kile kitambaa cha spiriti cha huduma ya kwanza, tukasubiri pakauka kabisa, tukatoa upepo wote, akabandika kiraka chake cha kunata chenye kona za mviringo, akakikandamiza kwa kisigino cha mkono muda mrefu. Kona kali ndizo zinazoanza kubanduka, ndio maana za mviringo. Kwa viraka vya gundi ya maji inabidi usubiri masaa kadhaa kabla ya kupuliza, kwa hiyo ukigundua pancha usiku saa tano, kile cha kunata ndicho ndugu yako.

Wakati tunasubiri akatuhadithia mambo ya vigodoro vinavyojijaza vyenyewe, vile ukifungua valvu foamu ya ndani inavimba na kuvuta hewa. Anasema vilianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wawili waliokuwa wameachishwa kazi kwenye kampuni ya ndege ya Boeing, Jim Lea na Neil Anderson, pamoja na mwenzao John Burroughs, na wazo lilikuja kwa kupigia magoti mto wa foamu kwenye bustani na kuona jinsi hewa inavyotoka. Ndiyo ikazaliwa chapa ya vigodoro ya Therm-a-Rest. Mzee alikuwa na kimoja cha aina hiyo miaka mingi, anasema hakuna kinachostarehesha kwa uzito ule ukiwa na gari, ila mgongoni ni mzigo.

Yeye sasa analalia foamu ya kukunja kama ya kaka. Akanitazama, akaangalia kigodoro changu, akasoma ile 1.3, akacheka bila sauti. Halafu akatoa kisu na, kabla sijasema lolote, akakata vipande vitano vya foamu yake. Nikasema mzee hapana, hapana. Akasema, "Mimi mfupi, na miguu yangu hulala juu ya begi. Chukua."

Vipande vitano ni kama sentimita 65, vinafika kuanzia mabegani mpaka kwenye nyonga. Na kumbe R zinajumlishwa, foamu ya 2 chini ya kigodoro cha 1.3 ni 3.3 pale vinapopandana, na foamu ikiwa chini inakinga miiba pia. Digrii 3 usiku ule, upepo unapiga tenti, nikalala. Saa kumi alfajiri niliamka kigodoro kimelegea kidogo, nikajua ni baridi tu: pumzi inatoka mwilini na joto la digrii 37, ikipoa mpaka karibu na sifuri inapungua ujazo kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kulegea kidogo sio pancha. Ongeza pumzi mbili kabla ya kulala, kikishapoa. Nikaongeza, nikalala tena.

Kuhusu pumzi, ukiweza beba mfuko wa kupulizia, ule unaounasa hewa kama gunia na kuuminya kwenye valvu, ni gramu chache. Pumzi ya mdomo ina unyevu, ukikunja kigodoro miezi bila kukikausha ndani panaota ukungu.

Siku ya 4: tunabadilishana

Mzee aliondoka kabla hatujaamka, alikuwa anaelekea upande tuliotoka. Sina namba yake wala sikuuliza.

Kuteremka, magoti, mawe yanayoteleza, masaa sita, simulizi yake naiacha. Kambi kando ya kijito, kumezidi joto, digrii 9. Jioni shemeji akasema, shem leo lala kwangu, mimi nilalie chako, tuone. Kaka akasema utajuta mke wangu.

Ndugu zanguni. Sentimita 8, upana wa 64, mikono yote miwili iko ndani. Nililala saa tatu nikaamka jua linachoma tenti, sikumbuki hata kugeuka. Valvu ya lile lake ni ya njia moja, unapuliza hewa hairudi, kwa hiyo unaweza kupunguza kidogo kidogo ukiwa umelala mpaka nyonga izame inavyotaka. Cha kwangu ukifungua tu, puuu, unaanza upya.

Lakini kilichonishangaza ni shemeji. Nilitegemea aamke analaani. Akaamka vizuri kabisa. Yeye ni mwepesi, na analala chali kama mtu aliyewekwa, hakuhisi ardhi hata mara moja, alichohisi ni baridi kidogo miguuni ambako foamu ya mzee haikufika. Kwa hiyo kigodoro changu hakikuwa kibovu. Nilikuwa nimenunua kigodoro cha mtu mwingine.

Jambo dogo la wanaolala wawili: pimeni tenti. Tenti nyingi za watu wawili zina upana wa mita moja na robo hivi, na nyingine zinabana miguuni. Lake la 64 na foamu ya kaka ya 51 zinaingia, ila wangekuwa na mawili ya 64 ingekuwa ni kubanana. Na msiache kigodoro kimejaa upepo ndani ya tenti jua likiwa kali, hewa inatanuka, kuta za ndani zinabanduka, kinavimba nundu kama ngamia na hiyo haina kiraka. Fungua valvu ukitoka.

Siku ya 5: barabarani

Tumefika barabarani saa nne asubuhi, gari la saa tano likaja saa nane. Kaka akatandika foamu yake kando ya barabara kwenye kokoto, kalala anakoroma, malori yanapita. Mimi na shemeji tumesimama na vigodoro vyetu vya kifahari tunaogopa hata kuvitoa. Foamu ina heshima yake jamani.

Dereva aliona tulivyochoka akatupangia kiti cha mbele bila kuongeza kitu.

Baada ya kurudi

Kukausha kwanza, valvu wazi, kimelala wazi nyuma ya kabati, sio kimekunjwa. Juzi nikakizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande. Kiraka cha mzee kimeshika. Lakini sentimita mbili pembeni yake vikatoka vipovu vidogo sana, kimoja, kimoja. Kwa hiyo ile saa kumi alfajiri haikuwa baridi peke yake, nilijidanganya na hesabu zangu za digrii 37.

Nimekiziba nikampa shemeji, kwa ajili ya safari za joto, amekubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Mimi jana nimeenda dukani. Nilivua viatu, nikalala ubavu sakafuni juu ya kila kigodoro dakika kumi, kiganja chini ya nyonga, muuzaji akaja kuuliza kama najisikia vibaya. Nimechukua cha sentimita 9, upana 64, R 4.2, gramu 590. Robo kilo zaidi ya kile cha kwanza. Kaka ameshakipima kwenye ule mzani wake wa unga, na vile vipande vitano vya foamu pia, maana anataka kujua navibeba vya nini tena wakati R inatosha. Gramu 146. Nimevifunga nje ya begi kwa kamba ya kiatu.